Kabla Hujampa Mjomba Wako Saini

Rulenge,
Jumanne jioni.

Mwanangu Adelina,

Nakuandikia kwa sababu moja. Kesho, kabla hujapanda basi kwenda chuoni Dodoma, mjomba wako Damasi atakuwekea mbele hati ya uwakilishi uitie saini. Hati hiyo itampa mamlaka ya kutenda kwa jina lako juu ya shamba la Nyabusozi, lile uliloachiwa na marehemu baba yako. Nataka ujue hati hiyo imetoka wapi kabla hujashika kalamu. Ningeweza kukueleza kwa mdomo, lakini jana nilijaribu nikaishia kupiga meza, nawe ukaniambia, "Mama, hapa si barazani." Ulisema kweli. Nikiandika, angalau majirani hawasikii.

Mambo ya mashuka, ndoo, vyeti na fomu za mkopo sitayagusa. Bibi yako amekwisha kuyasema yote, na mengine ameyarudia hata umeanza kumwitikia kabla hajamaliza sentensi.

Nina hasira, Adelina. Naitaja mapema ili usije ukaikuta katikati ya mistari ukadhani umenifumania. Mimi ni mhitimu wa sheria ambaye joho lake bado halijapauka, ninayejiandaa kuwa wakili, ninayesahihisha Kiswahili cha matangazo ya parokia hata nikiwa kwenye ibada. Na shauri la kwanza kabisa nililolisimamia mbele ya baraza la ardhi nilishindwa, na lilikuwa shauri langu mwenyewe. Unajua kwamba nilishindwa. Hujui nilishindwaje, kwa sababu kila ulipouliza nilikujibu kwa maneno makubwa.

Ulikuwa unaanza kidato cha kwanza nilipoacha kufundisha nikaenda Mwanza kusoma. Nilikuacha kwa Damasi. Mwaka uliofuata nikauza ile mikaratusi niliyoipanda na baba yako juu ya kilima, tukiwa vijana wadogo na wewe ukiwa mgongoni kwangu, nikaazimia kununua kiwanja Nyakanazi, karibu na njia panda. Uliwahi kunisikia nikikisifu kiwanja kile. Malori ya Kigoma, ya Rwanda na ya Burundi yote husimama pale. Madereva hula, hulala, huongeza mafuta. Nilikuwa nimekwisha kuiona kichwani nyumba ya wageni yenye vyumba vinne na jina lako juu ya mlango. Sikuweza kuondoka chuoni, hivyo nikaamua kumpa Damasi hati ya uwakilishi aninunulie.

Hapo ndipo ilipoanza hasira yangu, ingawa wakati ule niliiona kuwa fahari. Nilikuwa mwaka wa pili. Nilikuwa nimejifunza jinsi hati inavyotungwa, na sikutaka kutumia mfano wa mtu mwingine. Nilikaa nayo juma zima. Nilimpa Damasi mamlaka ya "kununua, kuuza, kupangisha, kuweka rehani, kugawa, na kutenda jambo lingine lolote kwa namna yoyote itakayompendeza mwakilishi, kana kwamba limetendwa na mimi mwenyewe." Niliisoma kwa sauti chumbani hosteli, na wenzangu wakanipigia makofi. Namaanisha makofi hasa, ya mikono.

Wakili aliyeshuhudia saini yangu pale Mwanza alikuwa mama wa makamo mwenye haraka zake. Aliisoma, akasimama kwenye kifungu cha pili.

"Huyu kaka yako unamtuma kununua au kuuza?"

"Kununua, mheshimiwa."

"Mbona humu anauza?"

"Ni kwa ajili ya ukamilifu wa hati."

Alinitazama juu ya miwani. "Haya, mwanasheria," akasema, akagonga muhuri.

Nisimdhulumu Damasi. Alikinunua kiwanja vizuri, akabishana na muuzaji, akaandikisha jina langu na si lake. Kisha akanipigia simu.

"Vene, majirani wanauliza utakuja lini kuzunguka mpaka."

"Nina mitihani, kaka. Hati inatosha."

"Hati nimewaonyesha. Wanasema hati haina miguu. Na mtungi?"

"Mtungi gani tena? Kaka, mambo ya kunyweshana ili mtu amiliki ardhi yalipitwa na wakati."

"Yamepitwa huko Mwanza," akasema, na nikamsikia akicheka. "Huku ndivyo watu wanavyokujua."

Umekua humu, huhitaji kuelezwa, lakini nataka uone nilikidharau kitu gani. Mnunuzi hutembea mpaka wote pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote. Kila jirani huonyesha mnyaa wake au jiwe lake, hukubaliana mbele ya macho ya wote, kisha watu huketi palepale wakanywa rwagwa kutoka mtungi mmoja. Pombe ile ya ndizi haimlevyi mtu pale. Kazi yake ni kwamba aliyekunywa nawe hawezi kesho kusema hakujui. Mimi niliuita ushamba. Damasi akauzunguka mpaka peke yake, akanunua mtungi kwa pesa yake, na majirani wakanywa na Damasi. Tangu siku ile, kwa watu wote wa mtaa ule, kiwanja kilikuwa cha Damasi. Jina langu lilibaki kwenye karatasi, na karatasi ilibaki kwenye sanduku la Damasi, ikiwa na mamlaka yake yote, ilhali kazi niliyomtuma ilikuwa imekwisha. Sikuidai. Sikuifuta. Sikuifikiria hata kidogo.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho nilikuja likizo nikashuka Nyakanazi makusudi nikakitazame kiwanja changu. Nilikuta ukuta, mlango wa chuma na matairi ya malori yamepangwa hadi barabarani. Nilisimama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Fundi mmoja akafuta mikono akaniuliza kwa adabu, "Mama, una gari gani?"

Duka hilo la matairi lilikuwa la Mzee Salimu, yule mfanyabiashara wa Biharamulo ambaye mababu zake walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki. Nilimfuata kwake siku ileile, bila kula, nikiwa nimekwisha kutunga njiani hotuba ya kumwangamiza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa. Mleteeni mwalimu chai."

"Sikuja kunywa chai. Umenunua kiwanja changu kwa mtu asiye na haki ya kukiuza."

Hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa nakala, akaiweka mezani akainyoosha kwa kiganja. "Nimenunua kwa hii. Niliisoma mara mbili, maana sipendi kesi. Nikauliza ofisi ya kijiji, nikauliza majirani, tukazunguka mpaka. Mimi pombe sinywi, lakini niliwaletea mtungi wao na soda kwa wasiokunywa. Hakuna aliyenitajia mtu mwingine." Kisha akaigusa karatasi kwa kidole. "Kiswahili chake kizuri sana, kusema kweli. Nani aliyeiandika?"

Adelina, nani tena? Mimi! Nilikunywa chai yake yote nikamuaga kwa heshima, na nilipofika nje nilitamani ardhi ile, ambayo sasa ilikuwa yake, inimeze.

Damasi hakukana. Hilo ndilo linaloniunguza zaidi, kwamba hakukana. Alinikaribisha, akamwambia mkewe achinje kuku, akaniambia kama mtu anayesimulia mvua ya jana: "Nilinunua kenta, Vene. Ya mitumba, lakini imara. Nilisema nibebe ndizi na mahindi misimu miwili, nikununulie kiwanja kikubwa zaidi kabla hujavaa joho. Nilitaka nikushangaze."

"Kenta iko wapi?"

"Injini imekufa."

"Kwa hiyo umenishangaza."

"Hati ulinipa mwenyewe, mdogo wangu. Iliandikwa kuuza. Ungetaka nisiuze ungeliandika hivyo."

Sikumla kuku yule. Nilimshtaki yeye na Mzee Salimu kwa pamoja, na nikajiwakilisha mwenyewe, kwa kuwa niliamini kwamba elimu yangu ilikuwa imengojea siku ile. Usiniulize nilizungumza muda gani. Nilizungumza hadi mzee mmoja wa baraza akaanza kusinzia. Jirani wa upande wa mashariki, mama mmoja mkulima, alipoitwa kutoa ushahidi aliulizwa kama ananifahamu. Alinitazama vizuri, bila ubaya wowote.

"Simjui. Sikunywa naye."

Nilisimama nikaanza kumhoji juu ya thamani ya kisheria ya kunywa. Watu walicheka, na si yeye waliyemcheka. Kisha mwenyekiti akaniuliza mwenyewe, taratibu.

"Hati hii ni yako?"

"Ndiyo, mheshimiwa, lakini kwa muktadha wa—"

"Saini hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Uliwahi kuifuta kabla ya mauzo?"

"Hapana."

"Ahsante. Kaa."

Kiwanja kikabaki kwa Mzee Salimu, aliyenunua kwa nia njema kutoka kwa mtu niliyempa mimi mamlaka ya kuuza. Nikaambiwa kwamba madai yangu, kama ninayo, ni dhidi ya kaka yangu. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta kosa kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, sikulipata, na bado nikiupitia damu inanichemka. Kuwa na haki ya kukasirika hakukupi haki ya kushinda; hilo hawakunifundisha chuoni, au walinifundisha siku niliyokuwa nikitunga hati.

Baada ya hapo ndipo ukoo ulipokaa. Ulikuwa shuleni, hukuyasikia. Bibi yako alisema, "Mtoto wa tumbo langu hamfikishi mtoto wa tumbo langu mbele ya hakimu." Nilidhani wangemwambia Damasi jambo. Walimwambia apunguze kununua vyombo vya moto. Mimi nikaambiwa nimwombe radhi kaka yangu kwa kumwaibisha, nami nikamwomba, Adelina, nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka, kwa sababu mama yangu alikuwa analia. Sijawahi kumwomba mtu radhi kwa uongo mwingine mkubwa kama ule. Ukitaka kujua kwa nini ninapiga meza, ni kwa ajili ya magoti yale.

Sasa Jumapili iliyopita. Damasi alikuja na karatasi yako ndani ya bahasha safi. Alipotoka kunawa mikono niliichukua nikaisoma. Nilijua sentensi ya kwanza kabla sijaimaliza. Ni hati yangu. Ameinakilisha neno kwa neno kwa mtu wa kompyuta. Ameondoa jina langu akaweka lako, ameondoa kiwanja cha Nyakanazi akaweka shamba la Nyabusozi. Kununua, kuuza, kuweka rehani, kwa namna yoyote itakayompendeza mwakilishi. Aliporudi alinikuta nayo mkononi. Hakushtuka. Akasema, "Nimetumia ile yako, iko kamili. Atie saini tu, muhuri nitaufuata Biharamulo baadaye." Hakuwa akinidhihaki. Anaisifu kwa dhati! Anaamini kwamba nilimtungia kitu kizuri, na kwamba kitu kizuri hurithishwa. Na hilo la muhuri ulijue: wakili anayeshuhudia saini anapaswa kukuona wewe ukiiweka. Anayegonga bila kukuona anashuhudia hewa.

Nilitaka kuichana. Niliikunja hadi ikaanza kupasuka pembeni. Nikairudisha kwenye bahasha, na sababu ya kuirudisha nitakueleza baadaye kidogo.

Kwanza nijibu ulilonijibu jana. Ulisema, "Mjomba alinilea wewe ukiwa chuoni. Leo nimnyime saini?" Nilipiga meza. Jibu langu ni hili. Ndiyo, alikulea. Ulipoumwa homa ya matumbo alikupakia kwenye baiskeli usiku akaisukuma hadi hospitali, na asubuhi akanipigia kuniambia kwamba una mafua kidogo, ili nisiache mtihani. Nilizipata habari zile baada ya wewe kupona. Alikununulia sare akamwacha mwanawe mwenyewe avae iliyochanika. Hayo yote ni kweli, na ningekuwa ninasema uongo kama ningekuambia kwamba yalikuwa hila. Hayakuwa hila. Mtu yule aliyesukuma baiskeli ndiye yuleyule aliyeuza kiwanja, na wala hakubadilika katikati. Nimepoteza muda mwingi nikitafuta ni Damasi yupi wa kweli ili nimchukie vizuri. Wote wawili ni wa kweli. Ndiyo maana hasira yangu haina mahali pa kukaa, inazunguka nyumbani kama mbuzi aliyekata kamba, inakula hata nguo zako.

Sikuombi umchukie. Shauri langu dhidi yake ni langu; nitaliendeleza au nitaliacha, na wewe hutaliandikia insha. Tena shukrani unayodaiwa naye ni ya kweli, ilipe. Mlipe kwa kumpigia simu, kwa kumwita wa kwanza siku ya mahafali yako, kwa kumtunza akizeeka. Ila shukrani hailipwi kwa kumpa mtu nafasi ya kukukosea. Yeye mwenyewe, siku ile akiwa na kuku mezani, alikuwa mtu anayenipenda aliyepewa mlango wazi. Nilimfungulia mimi. Kama ningemwandikia nusu ukurasa, "nunua, kisha nirudishie hati hii," leo angekuwa kaka yangu tu na kenta asingekuwa nayo. Nilimtendea ubaya pia, kwa kumwamini kwa maneno mengi kuliko kazi niliyompa.

Shamba linahitaji mtu, hilo silipingi. Ukiwa Dodoma huwezi kupalilia Nyabusozi. Mtu anaweza kupewa idhini ya kulikodisha kwa msimu mmoja na kukutumia mapato, bila neno kuuza na bila neno rehani, na idhini ikafa yenyewe mavuno yakiisha. Mtu huyo anaweza kuwa Damasi. Sitacheka, sitanuna. Anaweza kuwa baba yako mdogo ambaye analima jirani. Unaweza pia kuliacha lipumzike, ardhi haiozi. Una miaka kumi na minane na shamba ni lako; sheria haimtambui mama yako katika jambo hili, na ingawa mimi ni mwanasheria, kwa mara ya kwanza nimefurahi kwamba hainitambui.

Sasa sababu ya kutoichana. Nilipoikunja hati ile niliona nimefanya tena jambo lilelile, ila upande mwingine. Ningeichana, Damasi angeondoka akisema Vene ana kinyongo, nawe ungeondoka ukiwa hujasema ndiyo wala hapana. Mimi ningekuwa mwakilishi wako, nikitenda kwa namna inayonipendeza. Najua pia ulichokipanga, kwa sababu ndicho ningekipanga mimi nikiwa na umri wako: ukatae, umwambie, "Mama amekataa, mjomba." Nakuomba usifanye hivyo. Usiniweke mimi niseme hapana yako. Kama ni hapana, imtoke mwenye shamba, tena mbele yake, ukimtazama, na shikamoo yako ikiwa imetangulia. Itakuwa ngumu. Atakutazama kama mtu uliyempiga, huenda akataja baiskeli. Akiitaja, mkubalie kuhusu baiskeli, kisha rudia hapana.

Na kama ni ndiyo, itie saini ukijua unachotia saini, na nitakuombea kwa meno yaliyoumana.

Damasi alitaka kukungojea Nyakanazi, basi likisimama, kwenye kelele za wauza mahindi na kondakta akikuharakisha. Nimemkatalia hilo moja tu. Nimemwambia aje hapa nyumbani, aje na bahasha yake, basi lako halipiti kabla ya saa mbili. Bibi yako nimemwomba aende misa ya asubuhi, asije akalia katikati ya mazungumzo. Mimi nitakuwepo na sitafungua mdomo. Ukiniona nanyanyuka, niambie nikae, kama nilivyoambiwa barazani. Utachagua wewe kiti cha kukalia.

Lala sasa. Tukutane uani, wewe, mimi na mjomba wako, kesho Jumatano, saa moja kamili asubuhi.

Mama yako,
Veneranda